Shimo Namba 213

1

Gwandu Margwe alikuwa ametoboa ardhi mara elfu moja mia tisa na sita, na kati ya mashimo hayo yote, moja halikuwepo. Kwa miaka kumi na moja aliamini kwamba wanaolijua jambo hilo ni yeye na Mungu, na Mungu hakuwa na tabia ya kupiga simu ofisini. Basi aliishi nalo kama mtu anavyoishi na jino bovu, akitafunia upande wa pili.

Jumatano saa nne asubuhi gari la ofisi lilimshusha Endalusa Mpya. Halikuwa na dereva. Lilisubiri ashushe keekee yake ya kutobolea ardhi, vyuma vya kuungia, dumu la maji na begi la nguo, likageuka lenyewe na kuondoka, na vumbi lake lilichukua muda mrefu kutulia kwa sababu hapakuwa na upepo.

Mji ulikuwa umekamilika na haukuwa na mtu hata mmoja. Mashine za ujenzi zilimaliza wiki iliyopita zikaenda kujenga kwingine. Nyumba mia sita zilisimama kwa mistari, kila moja na mlango wa bluu na kibaraza na jiko la nje ambalo halijawahi kuona moshi. Hapakuwa na kuku wala kamba ya nguo. Gwandu alichagua nyumba ya pembeni kwa ajili ya kulala, akasimama mlangoni, akasema, "Hodi." Akarudia mara ya pili na ya tatu, kama alivyofundishwa na mama yake. Alipoona hakuna wa kumjibu alijikaribisha mwenyewe, akaingia, akaweka begi sakafuni na kusikia sauti ya begi ikizunguka chumba kizima.

Kazi iliyomleta ilikuwa ya dole gumba tu. Baada ya Mwaka wa Kumeza, ardhi ilipofunguka na kula soko lote la Gidamoro pamoja na mitaa miwili, ilitungwa sheria: hakuna familia itakayohamia mahali popote mpaka mpima udongo aliyetoboa ardhi ile asimame juu yake kwa miguu yake mwenyewe na kuweka dole kwamba ramani ni ya kweli. Walionusurika Gidamoro walikuwa kwenye mahema mwaka wa nne sasa. Wangehamia Endalusa Jumatatu.

Simu aliyoifunga kifuani ililia kabla hajafungua hata dumu la maji.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, Natalia. Mmeamkaje huko kwenye mahema?"

"Tumeamka. Watoto wamefunga mizigo tangu Jumapili, wanalalia mabegi. Kuna mmoja kila asubuhi ananiuliza, eti mwalimu, shule mpya ina mlango wa kufunga na kitasa? Nimemwambia ina milango kumi na minane. Hakulala." Alicheka kidogo. Natalia alikuwa mtoto wake wa pekee, na ndiye mwalimu mkuu wa shule ile iliyosubiri watoto upande wa pili wa mji. "Umeshaweka dole?"

"Bado. Ndiyo kwanza nafika."

"Ni dole tu, Baba."

"Nitaliweka, mwanangu. Ngoja nipumzishe miguu."

Alikata simu, akatoka kibarazani, na hapo ndipo alipoliona tangi. Lilikuwa la chuma, jeupe, la lita laki tano, limesimama nyuma ya shule. Bomba lake lilishaunganishwa na kisima, na Ijumaa saa sita mchana lingeanza kujazwa lenyewe. Gwandu alitazama kilima upande wa kulia, akatazama mti mkavu wa mgunga upande wa kushoto, akapiga hesabu ambayo hakuihitaji kwa sababu alikwisha ijua. Shimo namba 212 lilikuwa chini ya kilima. Shimo namba 213, karibu na mgunga. Kati yao kulikuwa na mita mia nane na arobaini, na tangi lilikaa katikati kabisa, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuiuliza ardhi chochote.

Akakaa kwenye ngazi ya nyumba isiyo yake.

2

Ardhi huwezi kuitoboa kila mahali. Ukiitoboa kila hatua hubaki na uwanja, unabaki na chekeche. Kwa hiyo unatoboa hapa, unatoboa kule, na katikati unakisia. Kukisia nako kuna adabu yake: shimo lililo karibu linasikilizwa kuliko lililo mbali, na mashimo matano yaliyosongamana upande mmoja hayahesabiwi kama mashahidi watano, maana yameona kitu kilekile. Zamani wataalamu waliifanya hesabu hiyo kwa vichwa na kompyuta. Siku za Gwandu ilifanywa na ramani yenyewe, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuijua ardhi isiyoonekana kwa kuwauliza walio kando yake, watu waliiita Jirani.

Jirani alikuwa na tabia moja nzuri: alijua asichokijua. Ardhi aliyoiamini aliipaka kijani, aliyoitilia shaka aliipaka njano, na asiyoijua aliiacha nyeupe na kuweka vitone vya kuombea mashimo mengine. Lakini mpaka umbali gani shimo la jirani liaminike, hilo hakuambiwa na mtu. Alijifunza kwenye mashimo yenyewe. Akikuta mashimo mawili yaliyo karibu yanatofautiana, aliogopa, akapunguza umbali, akaomba zaidi. Akikuta mawili yaliyo mbali yanafanana, alisema huku ardhi haina vituko, akarefusha imani yake na kuacha kuomba.

Zamani pia, kila shimo lilikuwa na watu wawili, mmoja wa kupekecha na mmoja wa kuandika, na wote waliweka dole. Ndiyo maana keekee ya mpima ina wenzo mrefu wenye mishikio miwili, mmoja kila upande. Jirani alipojifunza kuandika mwenyewe, mtu wa pili alipunguzwa. Gwandu alijifunza kushika wenzo katikati, na mishikio yote miwili ilizunguka hewani kwa miaka kumi na tisa.

Siku ile ya miaka kumi na moja iliyopita alikuwa Endalusa peke yake, siku ya thelathini na nane ya mzunguko wake. Alikwisha toboa 212 tangu alfajiri, mita sita za mfinyanzi mwekundu, safi, unaokatika kwa kisu. Saa tano ujumbe ukaja kutoka hospitali alikolazwa mke wake: Paskalina anakuuliza. Hawakusema zaidi, na mtu aliyeishi na mgonjwa hahitaji kuambiwa zaidi.

Gari la mzunguko halikuwa na dereva wa kubembelezwa. Lilikuwa na orodha, na lisingeelekea nyumbani mpaka mfuko wa mwisho wa udongo uingizwe kwenye tundu lake. Ulibaki mfuko mmoja, wa 213. Lilimfikisha pale kwa dakika chache, likasimama kando ya mgunga, likamsubiri. Kutoboa mita sita kwa mkono kulihitaji mchana wote.

Gwandu aliichomeka keekee ardhini kiasi cha shibiri moja, ili mahali paandikwe. Kisha akafungua mfuko wa 212, akaugawa nusu, na nusu ile akaitia kwenye mfuko wa 213. Ili mapacha wasifanane mno, alichanganya kiganja cha mchanga wa mtoni uliokuwa kwenye ndoo ya kusugulia vyuma. Gari liliumeza mfuko, likashukuru, likawasha taa za kurudi nyumbani.

Alifika saa kumi alasiri, akamkuta Natalia kando ya kitanda cha mama yake. Paskalina alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na tangu wachumbiane Gwandu hakuwahi kurudi kutoka safari bila kumletea udongo kidogo mfukoni, kama wanaume wengine wanavyoleta kitenge. Siku ile pia alimpa uliobaki mkononi alipochanganya ule wa 213. Paskalina aliuviringisha kwa vidole ambavyo havikuwa na nguvu tena.

"Leo umewahi," alisema. "Kazi imekwisha?"

"Imekwisha," alijibu Gwandu.

"Udongo huu unashika," alisema Paskalina, akafumba macho na kuuacha kwenye kiganja. Walikaa pamoja saa tatu. Alimkanda miguu, wakasimuliana habari za mbuzi, wakacheka mara moja. Aliaga dunia saa moja jioni, na Gwandu hakuwahi kujutia hata dakika moja ya saa zile tatu, jambo ambalo ndilo lililomtesa zaidi.

Endalusa ilikuwa na mashimo kumi na moja tu. Wiki iliyofuata Jirani aliyatazama, akaona mawili yaliyo mbali hivyo yakifanana hivyo, na vitone vyake vyote vya kuomba vikafutika kimoja kimoja. Uwanja wote ukawa kijani. Gwandu alikuwa matangani. Alipoona, aliona nafuu kwamba hatarudishwa kule.

3

Alhamisi kabla jua halijachomoza alikuwa kwenye mgunga na keekee yake. Kama shimo halikuwepo, angelitoboa sasa. Alikuwa na miaka sitini na moja, na mgongo wake ulimkumbusha kila mwaka mmoja baada ya mwingine.

"Mpima Margwe," ilisema sauti ya Jirani kifuani, ya upole na isiyo na umri, "mahali hapa pana shimo. Hapahitaji lingine."

"Najua. Nafanya mazoezi."

"Karibu."

Mita ya kwanza ilikuwa mfinyanzi mwekundu. Ya pili pia. Kila baada ya mita aliunga chuma kingine, akashika wenzo katikati, akazunguka nao kama ng'ombe wa kinu. Mita ya tatu, ya nne. Alichukua donge, akaliviringisha likawa kamba nyembamba, akalipinda likawa pete bila kupasuka. Linashika. Saa saba mchana, mita ya sita ikatoka nyekundu na safi, na Gwandu akaketi chini akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Uongo wake ulikuwa kweli! Alikuwa amemdanganya Jirani kwa kumwambia ukweli bila kujua. Miaka kumi na moja ya kujitafuna bure, mzee mzima.

"Jirani," alisema akijifuta uso, "leo naweka dole."

"Niko tayari. Uhakika wa Endalusa ni asilimia tisini na saba."

Alikwisha nyanyua kidole gumba. Kilichomzuia ni ile tisini na saba, kwa sababu Gwandu hakuwa mtu wa kuridhika kirahisi na namba, hata ile inayompendelea.

"Hiyo tisini na saba umeitoa wapi?"

"Mashimo 212 na 213 yanakaribia kuwa udongo mmoja. Kwa hiyo nimejifunza kwamba hapa majirani waaminike hadi mita elfu moja na mia moja."

"Na kabla ya 213 ulikuwa unawaamini mpaka wapi?"

"Mita mia moja na tisini."

Gwandu alitazama donge la asubuhi mkononi mwake. Lilikuwa mfinyanzi, ndiyo, lakini jekundu zaidi kuliko la 212, zito zaidi, lenye punje nyeusi ambazo 212 haikuwa nazo. Walikuwa majirani wema, lakini hawakuwa mapacha. Jirani asingewapa mita elfu na mia moja kwa wema huo. Yeye Gwandu alikuwa amemfundisha kuamini kupita kiasi, na somo lile lilikuwa limeenea chini ya nyumba mia sita, wala halikuishia kando ya mgunga.

Alibeba vyuma vyake begani, akatembea mita mia nne na ishirini hadi kwenye tangi.

4

Mita ya kwanza, mfinyanzi. Ya pili, mfinyanzi. Ya tatu alikuwa amechoka hata akawa anahesabu mizunguko kwa sauti. Kwenye mita ya nne wenzo ulimponyoka. Keekee ilizama yenyewe, ikashuka hadi mishikio ikagonga ardhi, na shimo likatoa pumzi ya baridi usoni mwake.

Alipoivuta nje, mdomo wa keekee ulikuwa umejaa unga wa kijivu. Majivu ya volkano, ya zamani kuliko lugha yoyote, yaliyojaza ufa na kufunikwa juu kwa udongo mzuri. Yakiwa makavu hubeba nyumba bila kulalamika. Gwandu alitia kiganja kimoja kwenye kikombe chake cha bati, akayamiminia maji kidogo. Majivu yalikaa kama yanafikiri, kisha yakaketi chini ghafla, na kikombe kilichokuwa kimejaa kikabaki nusu.

Akanyanyua macho akatazama tangi la lita laki tano, na ukuta wa madarasa uliokuwa hatua thelathini nyuma yake.

Alimpigia Bi Tumpale, mkuu wa ofisi ya ramani, mwanamke wa maneno machache aliyefanya naye kazi tangu wote wana nywele nyeusi. Alimweleza yote, tangu ujumbe wa hospitali hadi kikombe. Bi Tumpale alisikiliza bila kumkatiza.

"Pole, Mzee Margwe," alisema mwishowe. "Nilimjua Paskalina. Chungu chake ninacho mpaka leo."

"Asante, mama."

"Sasa nisikilize. Hilo shimo la tangi liandike kama shimo la ukaguzi. Mpima ana haki ya kukagua. Jirani atapaka nyekundu hapo, tangi halitajazwa, litahamishwa. 213 liache. Ulishalitoboa leo, lina mfinyanzi, basi. Hakuna aliyeumia."

"Atapaka nyekundu kuzunguka tangi. Kwingine ataendelea kuamini, kwa sababu wale mapacha bado wamo. Ufa kama huu haupiti mahali pamoja, Bi Tumpale. Uko chini ya nyumba za watu. Unajua wewe."

"Nyumba si tangi. Hazina maji ya laki tano."

"Zina mvua. Zina vyoo."

Bi Tumpale alishusha pumzi. "Unakijua Kifungu cha Tisa?"

Alikijua kwa moyo. Shimo moja la uongo hufuta mashimo yote ya mpima huyo, ya kabla na ya baada. Sheria haikutaka kujua kama mengine ni ya kweli, kwa sababu aliyeandika asubuhi na aliyeandika jioni ni mkono mmoja.

"Vijiji vinne vimesimama juu ya mashimo yako," alisema Bi Tumpale. "Zahanati mbili. Ukisema, vyeti vyao vinakufa leo hii. Hawatajenga hata banda la kuku mpaka mtu atoboe upya mashimo elfu moja mia tisa na tano ambayo mimi na wewe tunajua ni ya kweli. Na hawa wa mahema watasubiri mwaka wa tano. Mzee wangu, kweli yako hii itaumiza watu wengi kuliko uongo wako."

Alikuwa na haki, na Gwandu alijua. Alimwambia atafikiri. Bi Tumpale akamwambia afikiri kabla ya saa sita ya kesho, akamtakia usiku mwema, na kwa sauti yake Gwandu alijua kwamba asingemshtaki. Angemwachia mzigo mwenyewe.

Alirudi kwenye nyumba ya pembeni. Njiani alipita mbele ya milango ya bluu mia moja na kitu. Alitamani hata mbwa ambwekee.

Alimpigia Natalia.

Alipomaliza kueleza, upande wa pili palikuwa na kelele za watoto wakiimba kitu, kisha kelele zikapungua, maana yake Natalia alikuwa ametoka nje ya hema.

"Miaka minne, Baba," alisema. "Kuna watoto hapa hawajui sakafu ni nini."

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Wewe unalala ndani leo. Kwa nini unaniambia mimi? Unataka nikuruhusu?"

"Sijui. Labda nilitaka mtu mmoja ajue."

"Basi nimejua. Sikuruhusu wala sikuzuii." Simu ikakatika.

Gwandu alilala sakafuni na viatu vyake. Hakuwahi kuwa mpweke kiasi hicho, na alikuwa mtu mwenye uzoefu.

5

Ijumaa saa mbili asubuhi alisimama kando ya tangi.

"Jirani, nataka kufuta shimo namba 213, la miaka kumi na moja iliyopita. Sikulitoboa."

"Kufuta shimo kunahitaji sababu."

"Mke wangu alikuwa anakufa, nami nilitaka kumwona."

"Sababu hiyo haimo kwenye orodha. Zilizomo ni uzembe, rushwa na ugonjwa wa mpima."

Gwandu alifikiri. Mgonjwa hakuwa yeye. Rushwa ilihitaji mtu wa pili. "Andika uzembe," alisema, na neno lile lilimuuma kwa sababu katika kazi yake yote hakuwahi kuitwa mzembe, na sasa alijiita mwenyewe, kwa ajili ya saa tatu alizozipenda kuliko zote.

"Kifungu cha Tisa kitatumika. Unathibitisha?"

Aliweka dole.

Ramani iliwaka kwenye kioo cha kifuani. Kwanza Endalusa, kijani ikageuka njano, njano ikageuka nyeupe. Kisha weupe ukatembea. Ulifika kwenye kijiji cha bonde la juu, ambako alitoboa mvua ikimnyeshea siku tisa mfululizo. Ukafika kwenye zahanati aliyoihamisha mita hamsini kwa ubishi wake mwenyewe na kuiokoa. Mashimo yake yalizimika moja moja, ya kweli yote, naye alijikuta akiyataja baadhi kwa namba kwa sauti ndogo, kama mtu anayewaita wafu wake. Ilichukua dakika nne.

"Mpima Margwe," alisema Jirani, "mashimo yako halali ni sifuri. Tangi halitajazwa. Uhamiaji umesitishwa."

"Na shimo hili la tangi? La jana?"

"Mpima aliyefutwa anaweza kutoboa, lakini shimo lake linahitaji shahidi. Una shahidi?"

Gwandu alitazama nyumba mia sita.

"Sina," alisema.

Jumamosi hakuna gari lililokuja kumchukua. Labda orodha ya gari nayo ilikwisha mfuta. Alikula viazi vyake viwili vya mwisho na kufagia kibaraza cha nyumba, kwa kuwa alikuwa amekitia vumbi na wenyewe wangekuja siku moja.

6

Jumapili kabla ya saa sita alisikia pikipiki. Natalia alishuka, akavua kofia, uso mwekundu kwa vumbi. Hakumwamkia. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kukutana na baba yake bila kumwamkia.

"Wamelia," alisema. "Watu wazima na watoto. Kuna mzee ametema mate chini aliposikia jina letu. Yule wa kitasa amefungua begi lake, akarudisha nguo kwenye kamba, moja moja, bila kuniuliza kitu."

Gwandu alimsogezea dumu la maji.

"Sikuja kukusamehe. Bi Tumpale amenipigia, amesema shimo linahitaji shahidi. Liko wapi?"

Alimpeleka. Natalia alipiga magoti kwenye shimo, akatia mkono hadi begani, akatoa mfinyanzi. Gwandu akashusha keekee mpaka mita ya nne, akamtolea majivu. Natalia aliyapitisha kati ya vidole kwa muda mrefu. Alikuwa na vidole vya mama yake.

"Haya hayashiki," alisema.

"Hayashiki."

"Ule wa siku ile ulishika. Lakini Mama alisema una mchanga wa mtoni." Hakumtazama. "Ulipotoka kwenda kumwita nesi, alinionyesha. Alisema, mchanga huu umetiwa, mfinyanzi wa kule hauna mchanga. Baba yako hakumaliza kazi. Akasema nisikuulize, utasema mwenyewe."

Gwandu alihisi ardhi ikimwondokea, na safari hii haikuwa majivu. "Alijua?"

"Alijua. Alifurahi, Baba. Alisema afadhali kuna siku moja umeiacha hiyo ardhi ikungoje wewe. Nami nikakungoja useme. Miaka kumi na moja nakupigia simu kila Jumatano nakungoja useme, nawe unaniambia habari za mvua."

Mzee alilia hadharani, ingawa hadhara yenyewe ilikuwa mtu mmoja. Natalia alimwacha alie. Kisha akafuta vidole kwenye sketi, akaweka dole gumba kwenye kioo cha kifua cha baba yake.

"Shahidi amepokelewa," alisema Jirani. "Endalusa, shimo la kwanza. Naomba mashimo mengine mia mbili na sitini." Na kwenye uwanja mweupe vitone vikaanza kuota, vingi, kila mahali, kuanzia shule hadi kilimani, kama vilivyopaswa kuota miaka kumi na moja iliyopita.

"Kwa mkono itachukua muda gani?" aliuliza Natalia.

"Mtu mmoja wa umri wangu, shimo moja kwa siku. Bi Tumpale hana wapima wa kutuma kabla ya masika," alijibu Gwandu.

"Na watu wawili?"

"Matatu. Zamani tulifanya matatu."

Natalia alipiga hesabu kichwani, kama mwalimu. Akatazama barabara ya kwenda kwenye mahema, akatazama jua. "Kule kuna watu wazima mia nane wasio na kazi," alisema. "Wana hasira, lakini wana mikono. Kesho nitawauliza." Akaivuta keekee kutoka shimoni, wakaibeba pamoja hadi kwenye kitone cha karibu, nyuma ya darasa la kwanza.

Gwandu alikwisha shika wenzo katikati kwa mazoea. Natalia alimgusa mkono.

"Baba, sogea huko mwisho," alisema, akashika mshikio wa pili, wakaanza kuzungusha.